Kutengenezesha raifo nyepesi ya bolti ya kuwindia: mwongozo kamili kwa sisi wa Dodoma na kanda ya kati

Raifo yangu ya kwanza ilikuwa na kilo 4 na gramu 700 ikiwa na darubini, mkanda na risasi nne ndani. Ukiishika dukani dakika tano unaona kawaida tu, chuma cha mwanaume. Sasa itembeze saa sita kwenye mchanga na miiba ya upande wa Manyoni, jua la Septemba, maji yameshakuwa ya moto kwenye chupa, ndo utajua umebeba nini. Siku hiyo tandala dume alitoka pembeni ya kichaka, kama mita 120 hivi, akasimama ubavu kabisa kama anapigwa picha, nikainua bunduki na msalaba wa darubini ukawa unacheza kutoka begani kwake mpaka tumboni, narudisha, unaondoka tena. Mikono ilikuwa imeisha. Sikupiga, nikashusha, akajiondokea zake. Mzee tuliyekuwa naye hakusema kitu, akaichukua ile bunduki, akaipima kwa mkono mmoja, akanirudishia. Hapo ndo nikaanza hii safari ya kupunguza gramu.

Nasema kutengenezesha sio kutengeneza, naomba hilo tuelewane mapema. Nchi hii silaha inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuunda au kubadilisha silaha bila kibali ni kosa, hakuna cha mimi nina leseni ya kumiliki kwahiyo naweza kukata mtutu gereji. Kazi yoyote inayogusa mtutu, chemba (pale risasi inapokaa), bolti (komeo la kuvuta na kufunga kwa mkono) na traiga ni ya fundi bunduki mwenye leseni, kwisha. Kazi yako wewe ni kupanga, kuchagua, kupima, kulipia, na vitu vya nje kama darubini, mkanda na kuzero, yaani kurekebisha darubini risasi ipige unapolenga. Na hivyo vya kwako ndo vinachukua muda mrefu zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Anza na makaratasi, usianze na vyuma

Kama huna silaha bado, maombi yanaanzia chini serikali ya mtaa au kijiji chako yanapanda mpaka polisi, usinunue hata kitako kabla hujaruhusiwa. Kama unayo tayari na unataka kubadilisha mtutu au kalibari, nenda polisi kaulize kabla, sio baada, maana leseni yako imeandikwa kalibari na namba, na siku utakaposimamishwa njiani bunduki inasema kitu kimoja na karatasi inasema kingine hakuna atakayesikiliza hadithi ya kupunguza uzito. Halafu leseni ya kumiliki sio leseni ya kuwinda. Kuwinda ni habari ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na vibali vyake, sisi huku tunamalizana na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na ofisi za wanyamapori. Usiku hupigi, juu ya gari hupigi, twiga hata usimfikirie.

Kalibari, yaani aina na ukubwa wa risasi: nenda dukani kwanza

Watu wanaanza kwa kusoma mitandaoni wanajikuta wanataka 6.5 Creedmoor, risasi nzuri kweli, imetoka 2007, teke lake (bunduki inavyorudi kugonga bega) dogo, lakini swali ni moja tu, utazipata wapi mwakani? Mimi nilizunguka kwa wauzaji kabla ya kuamua, nikaangalia kilichopo rafuni kila mara sio kinachoahidiwa kwamba kinakuja. Kwa bunduki nyepesi ya pala, ngiri, kongoni, tandala, napendekeza .308 Winchester. Ni ya 1952, inakaa kwenye akisheni fupi (akisheni ni ule mwili wa chuma unaobeba bolti na traiga), na akisheni fupi peke yake inakuokolea gramu kama 80 hadi 100 ukilinganisha na ile ndefu ya .30-06. Kama una .30-06 tayari usihangaike kuibadilisha, ni ya 1906 na bado inaangusha vizuri tu. Wazee wenye 7x57 ya Mauser, ile ya 1892, wao wameshashinda, risasi zikiwa zinapatikana hakuna kalibari tamu kwenye bunduki nyepesi kama ile.

Ila nyati toa kabisa kwenye hii mada. Nyati ni .375 kwenda juu, na .375 ya kilo tatu ni adhabu. Bunduki ya nyati iwe nzito tu, uzito wake ndo unakulinda bega.

Maana hesabu ya teke haina huruma. Risasi ileile, ukipunguza uzito wa bunduki, nguvu ya teke inapanda kwa kiwango kilekile. Bunduki ya kilo 4 ukiishusha mpaka 2.8 teke linaongezeka zaidi ya asilimia 40. Kwahiyo anayekwambia ameunda .30-06 ya kilo mbili na nusu muulize anapiga risasi ngapi kwa mwaka, utakuta anapiga tatu na zote amefumba macho.

Bajeti ya gramu

Chukua daftari, andika kila kipande na uzito wake, fanya kama unavyopanga bajeti ya harusi, kila kamati inakuja na mahitaji yake na wewe unakata. Yangu ilitoka hivi baada ya kukata sana: akisheni fupi pamoja na bolti na traiga kilo 1 na kidogo, mtutu mwembamba wa inchi 22 kilo 1 na gramu 50, kitako gramu 780, chuma cha chini cha alumini na magazini gramu 120, darubini 330, pete zake 70, mkanda 90, risasi nne 100 maana moja ya .308 ni kama gramu 25. Jumla kilo tatu na nusu na ushee ikiwa tayari kutembea. Kile cha 4.7 kimepungua zaidi ya kilo nzima. Sijatumia titani wala kabon faiba, hela hiyo sina.

Ukiangalia hiyo orodha utaona mtutu na akisheni ndo vizito kuliko vyote, na kila mtu anakimbilia huko, wafupishe mtutu, wauchonge mifereji, wautoboe hiki na kile. Mimi nasema mtutu uwe wa mwisho. Mifereji kwenye mtutu ambao tayari ni mwembamba inakuokolea gramu mia hivi kwa hela nyingi sana, na ukifupisha kila inchi inaondoka na mita 6 mpaka 8 za mwendo kwa sekunde, halafu kelele inaongezeka. Zaidi ya hapo bunduki ikiwa nyepesi mbele inatangatanga, hailali kwenye shabaha. Gramu za bei rahisi ziko kwenye darubini, pete, chuma cha chini na tumbo la kitako. Darubini yangu ya zamani ilikuwa na gramu 680, kioo cha mbele kama sufuria, pete zake za chuma gramu 190. Hapo tu, kwa bisibisi, karibu nusu kilo imeondoka bila kugusa bunduki yenyewe. Kama hela ni kidogo fanya hilo tu, soma sehemu ya kuzero huko chini, endelea na maisha.

Akisheni na mtutu

Msingi mzuri kwa huku kwetu ni bunduki iliyopo tayari na iliyosajiliwa. Brno na CZ za zamani, raifo za Kicheki, ziko nyingi Tanzania, zina kucha ndefu ya Mauser inayoshika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, ngumu kama punda, ila nzito. Remington 700, muundo wa 1962, vipuri vyake viko vingi kuliko vyote duniani. Na kama unanunua mpya kabisa, kuna Tikka T3x Lite ya Finland ambayo inatoka kiwandani ikiwa na kilo 2.9 hivi, na hapo nakwambia ukweli ambao mafundi hawaupendi, mara nyingi kununua ile na kuwekea darubini ndogo ni rahisi kuliko kuunda upya. Mimi niliendelea kwa sababu nilikuwa na akisheni tayari na kwa sababu nina kichwa kigumu.

Fundi akishafunga mtutu mpya mdai apime nafasi ya chemba kwa geji zake mbele yako. Zipo mbili, moja bolti lazima ifunge juu yake, nyingine bolti lazima ikatae kufunga. Ikifunga kwenye ya kukataa hiyo bunduki haitoki hapo. Akikwambia ameangalia kwa risasi ya kawaida na imeingia vizuri, chukua kofia yako. Uzito wa kuvuta traiga usiruhusu ushuke chini ya kilo 1.3, mawindoni unakimbia, unajikwaa, vidole vina jasho. Ikishakuwa tayari, bunduki tupu, umeangalia mara mbili kwamba ni tupu, kok, weka seifti, gonga kitako chini kwenye mpira, toa seifti, funga bolti kwa nguvu mara kumi. Pini ikianguka hata mara moja rudi kwa fundi, wewe usishike tupa.

Kitako, na hapa ndo nakaa

Kitako cha kabon ni gramu 600 na kitu, kinatoka nje, kinakuja kwa dola. Sisi tuna mninga bwana. Mninga mkavu ni kama gramu 640 kwa lita, yaani unalingana kabisa na walnati wanayoisifia Wazungu, haupindi ovyo, unachongeka, na rangi yake ukipaka mafuta hutataka kuiweka kabatini. Mpingo usidanganyike nao, ni mzuri lakini unazidi kilo moja kwa lita, kipande kidogo cha pua mbele kwa ajili ya urembo basi. Nunua mbao yenye risiti na vibali vya misitu, sio ile inayouzwa saa mbili usiku.

Kosa langu nililipata hapa. Kitako cha kwanza nilichongewa Dar, fundi anasifika sana, kazi safi, chuma kimeingia kwenye mti huwezi kupitisha hata wembe. Nikaja nacho Dodoma mwezi wa saba. Septemba bunduki ikaanza kutawanya, leo juu kushoto, kesho chini, nikalaumu darubini, nikalaumu risasi, nikajilaumu mwenyewe. Siku moja nimekaa barazani nasafisha nikagusa skrubu ya mbele ya chini kwa bisibisi, ikazunguka karibu nusu mzunguko bila kupinga. Mti ulikuwa umesinyaa. Hewa ya pwani ina unyevu, huku kwetu kiangazi hata ngozi ya mkono inapasuka, mbao iliyozoea Dar ikifika hapa inapungua na kila kilichobana kinalegea. Nilipompigia simu yule fundi akaniambia mti hauna shida, shida ni Dodoma.

Kwahiyo mbao iache huku, ndani ya nyumba, juu, isikanyage sakafu, isipigwe jua, miezi sita kama uliinunua kavu, mwaka ndo vizuri. Nilikuwa naipima kwenye mzani kila Jumapili na kuandika ubaoni kwa penseli, ikifika wiki nne haipungui tena imetulia. Pili, pale skrubu mbili zinapopita weka nguzo ndogo za alumini, chuma kibane chuma, mti uwe katikati tu unashikilia.

Seremala wa Chang'ombe ya hapa Dodoma alinichongea umbo la nje kwa mchoro wa karatasi na kitako cha zamani kama mfano. Zingatia hapo, nilimpa kitako, sikumpa bunduki. Akisheni yako haiachwi kwa mtu asiye na leseni hata kama ni shemeji yako, kuingiza chuma kwenye mti kulifanywa na fundi bunduki. Urefu kutoka traiga mpaka mwisho wa pedi wengi tunaangukia sentimita 34 au 35, jaribu ukiwa umevaa koti la asubuhi sio singlendi. Halafu chini ya pedi ya mpira toboa mashimo marefu ndani ya tumbo la kitako, matatu yanatosha, yangu yalitoa gramu 90, hayaonekani na pedi inafunika. Pedi yenyewe iwe ya mpira laini kweli, hapo usibane matumizi.

Mafuta: linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) iliyochemshwa, tabaka nyembamba nyingi, kila moja ikauke siku nzima, na ndani pia kwenye mfereji wa mtutu na chini ya pedi, kote. Kuna jamaa yangu alipaka alizeti kwa sababu alizeti huku ndo nyumbani, sasa alizeti haikauki vizuri, inabaki inanata, vumbi la Dodoma lote lilihamia kwenye kitako chake kikawa kama andazi lililodondoka.

Kulaza akisheni kwenye epoksi ni kazi ya fundi ila jua anachofanya ili umuulize. Chini ya akisheni kuna kijino kinachopokea teke lote na kulisukuma kwenye mti. Epoksi inajaza pale nyuma ya kijino ili kikae bila kucheza. Mbele yake, pembeni na chini kinazungushiwa selotepu wakati wa kumimina, ikitolewa kinabaki na nafasi, kinagusa nyuma tu. Kila chuma kinapakwa kiwi ya viatu au nta kwanza, akisahau hapo utakuwa na bunduki na kitako vilivyofunga ndoa ya kanisani. Baada ya kukauka mtutu lazima uelee, noti ya elfu kumi ukiikunja mara moja ipite chini ya mtutu kutoka puani mpaka karibu na akisheni bila kukwama. Skrubu kaza kwa spana ya torki, Nm 4.5 hivi kwa kitako cha mti, andika, usikaze kwa hisia.

Darubini

Ndogo. Ukuzaji wa 2 mpaka 7, au 2.5 mpaka 8 yenye kioo cha milimita 36, au hata sita isiyobadilika, unapiga mita 150 sio mwezini. Cha kuangalia kuliko ukuzaji ni nafasi ya jicho, isipungue sentimita 9. Binamu yangu aliazima bunduki nyepesi yenye darubini ya jicho la karibu, akapiga akiwa amelala mlimani kuelekea juu, nikasikia mlio halafu kimya halafu "aisee". Damu imeshuka mpaka kwenye kola, na ana alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi mpaka leo, watoto wake wanaipenda. Skrubu za pete Nm 2 inatosha, zile ndogo zinakatika kirahisi, za msingi chini yake zaidi kidogo.

Ukishafunga vyote bebesha bunduki kwenye kidole kimoja chini. Inatakiwa isimame karibu na skrubu ya mbele, yaani katikati ya mikono yako miwili. Ikidondokea nyuma ongeza shimo kwenye kitako, ikidondokea mbele acha, afadhali hivyo.

Kuzero

Uwanja ulioruhusiwa tu, waulize polisi wa wilaya yako wakuelekeze, shamba la mtu lenye kichuguu nyuma sio uwanja. Nenda alfajiri, kuanzia saa nne upepo wa huku unaanza na mirage, yale mawimbi ya joto, inachemsha karatasi. Mita 25 kwanza upate kwenye karatasi, halafu 100. Klik moja ya kitufe cha darubini, ile ya robo dakika ya pembe, inasogeza milimita 7 kwenye mita 100, kwahiyo ukiwa sentimita 7 kulia ni klik kumi kushoto, usikisie. Weka risasi zipige sentimita 3 juu ya kitovu kwenye mita 100, kwa .308 utakuwa unalenga palepale tu mpaka mita 160 na ushee bila hesabu za kichwani.

Mtutu mwembamba unapata moto haraka, piga tatu, fungua bolti, weka kivulini dakika kumi, nenda kanywe chai. Ya nne na ya tano zikipanda juu sio bunduki mbovu, ni joto. Kinachokuhusu ni ile ya kwanza ya mtutu baridi, kwahiyo mimi nilienda asubuhi tano tofauti nikapiga moja moja kwenye karatasi ileile. Tano zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya asali. Na usishike mtutu wala usiulaze kwenye gogo, laza kitako, na bunduki nyepesi ibane begani kweli, ukiiachia inaruka na risasi inaenda juu.

Vumbi: mafuta kidogo mno kwenye bolti, futa mpaka ubaki harufu tu, mafuta mengi ni gundi. Mdomo wa mtutu bandika kipande cha tepu ya umeme, hakisumbui kupiga.

Mwisho niliipeleka polisi kukaguliwa na kumbukumbu zirekebishwe maana mtutu ulikuwa mpya. Afande akaisoma namba, akaisoma karatasi, akaisoma namba tena. Halafu akainyanyua mezani kwa mkono mmoja, akaishusha, akainyanyua tena akaniangalia.

"Mzee, hii si ya upepo kweli?"